Shule, simu, tuzo au mfuko wako: hadithi yako itabaki yako wapi?

Tuanze na aya moja. Ni ya hadithi niliyoianza miaka kadhaa iliyopita, na humu nitaitumia kama jiwe la mizani:

"Jumapili Mama Sikudhani alipokuja kuchukua mchezo wake, kaongozana na wenzake wawe mashahidi, Mwanahamisi alikuwa amekaa uani anapepeta mchele ambao hakuwa na nia ya kuupika. Laki sita za watu zilikuwa zimelala kwa mwalimu mkuu tangu Alhamisi. Yeye mwenyewe, haki ya Mungu, alikuwa amelala huko huko."

Kwa asiyejua mambo ya uswahilini: Mwanahamisi ni kijumbe. Wanawake kumi na wawili wa Tandale wanachanga elfu hamsini hamsini kila wiki, yeye anakusanya, na kila wiki mmoja wao anabeba laki sita. Wiki hii zamu ni ya Mama Sikudhani, na pesa haipo.

Mistari hii michache imenigombanisha na watu wengi. Kuna mwalimu mkuu mwenye hawara. Kuna mwanamke aliyekula pesa za watu na kuzini, na msimulizi hamlaani. Halafu kuna ule mzaha wa kulala, ambao kwangu ndio roho ya hadithi nzima. Ukiutoa, kinachobaki ni taarifa ya polisi.

Hadithi hii nimeipeleka kwa mchapishaji wa vitabu vya shule, nimeitoa kipande kwa kipande kwenye simu za watu, na mwishowe nimeichapa kwa pesa yangu. Kwenye tuzo nilipeleka mswada mwingine nikaambulia patupu, kwa hiyo nikifika huko mnivumilie kinyongo changu. Vijana wanaoniandikia huuliza njia ipi inalipa. Swali la haki, na wa kulijibu ni wengi. Mimi nataka kulinganisha jambo ambalo hawaliulizi mpaka wameshaumia: ni wapi utaachiwa uandike kile ulichokusudia.

Penseli ya mhariri wa shule

Wasomaji wa riwaya ya Kiswahili wamejaa shuleni. Kitabu kikiingia kwenye orodha ya vitabu teule, iwe Tanzania au Kenya, kinanunuliwa mwaka hadi mwaka na watoto ambao hawakukichagua. Ndiyo maana mchapishaji anausoma mswada wako jicho moja likiwa kwenye karatasi na jingine Taasisi ya Elimu Tanzania (TET), au KICD, taasisi ya mitaala ya Kenya, kama yuko Nairobi. Tanzania tulikuwa na kamati ya kutoa ithibati, EMAC, ikavunjwa 2013, kazi ya kupitia vitabu ikahamia TET. Ofisi hubadilika, lakini swali limebaki lile lile: je, mwalimu anaweza kusimama mbele ya Kidato cha Tatu akausoma ukurasa huu kwa sauti?

Mswada wangu ulikaa huko miezi saba. Ulirudi na maandishi ya penseli pembeni, mwandiko safi wa mtu aliyesomea ualimu. Penye mwalimu mkuu aliandika: "Awe mfanyabiashara." Penye kulala: "Lugha." Chini kabisa ya ukurasa wa mwisho: "Mhusika apate funzo." Niliuzunguka ule mswada siku mbili kama mtu anayezunguka nyumba yenye mbwa, kisha nikakaa nikaandika upya:

"Laki sita za akina mama zilikuwa mikononi mwa mfanyabiashara mmoja tajiri aliyemrubuni Mwanahamisi."

Itazameni vizuri sentensi hiyo. Kumgeuza mwalimu kuwa mfanyabiashara kuliniuma kidogo tu. (Wafanyabiashara wamebeba dhambi nyingi sana katika riwaya zetu za shule, ajabu ni kwamba hawajawahi kulalamika.) Lililonichoma ni "aliyemrubuni". Mwanahamisi wangu alikwenda kwa miguu yake, siku ya Alhamisi, mkoba kaushika mwenyewe, akijua anakokwenda. Kitenzi kimoja kikamfanya kondoo. Na ukishakuwa na mwanamke aliyerubuniwa, sura zinazofuata zinajiandika zenyewe: atajuta, ataugua, au atarudi kijijini kwa mama yake.

Mhariri yule hakuwa adui. Alikuwa anajua kitu nisichokijua, yaani alijua ni kitabu gani kitarudishwa na kipi kitapita. Euphrase Kezilahabi alitoa Rosa Mistika mwaka 1971, ikazuiwa shuleni kwa kusema waziwazi habari za wasichana wanaosoma, wanaume wanaowazunguka na mimba zinazotolewa. Baadaye kitabu hicho hicho kikaingia darasani, na wanafunzi wakafanyia mtihani riwaya ambayo kaka na dada zao walikatazwa. Mlango uliofungwa ulifunguliwa, ila mtunzi hakuwa na funguo na hakujua utafunguliwa lini. Hivi karibuni zaidi, Februari 2023, Wizara ya Elimu ya Tanzania ilitangaza orodha ya vitabu vilivyopigwa marufuku shuleni kwa sababu za maadili, vikiwemo vya mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid. Mhariri wa vitabu vya shule akisoma tangazo kama lile hahitaji kuambiwa mara mbili.

Lakini nenda na mfano wa pili. Shaaban Robert alitoa Kusadikika mwaka 1951, nchi ikiwa chini ya Waingereza. Ni habari ya nchi iliyo angani, ya mtu aliyeshtakiwa kwa kutaka kufundisha watu sheria, na ya wajumbe waliotumwa kutafuta mema ya nchi nyingine wakarudi kutiwa gerezani. Kitabu hicho kimesomwa darasani miaka nenda miaka rudi. Mtu mwenye akili zake akikisoma anajua kabisa anga ile iko wapi. Kwa hiyo hukumu yangu juu ya mlango huu ni kwamba unauogopa mwili kuliko unavyoiogopa serikali. Ukiivisha siasa kanzu ya ngano, itaingia na kukaribishwa kiti. Mwalimu mkuu aliyelala na kijumbe, hata ukimvisha nini, ataulizwa maswali getini.

Kuna uhuru mmoja ambao shule inao na wengine hawana, na watu huusahau. Msomaji wako ni wa lazima. Hawezi kukiacha kitabu ukurasa wa tatu kwa sababu ana mtihani Novemba. Basi unaweza kuanza taratibu, ukaeleza mvua ya masika kurasa mbili, ukatumia methali asiyoijua, ukarudisha wakati nyuma na mbele, na mwalimu yupo wa kumfafanulia. Ule mchele unaopepetwa ulipita bila alama ya penseli. Mhariri aliupigia hata mstari wa kusifia: "Taswira nzuri."

"Mtunzi, usituache na arosto"

Simu ni mtoto wa gazeti. Kabla ya makundi ya WhatsApp kulikuwa na magazeti ya mtaani yenye hadithi za mfululizo, na msomaji alilinunua toleo la Ijumaa ajue aliyepigwa risasi Jumanne kama amekufa. Taratibu zimehama na kila kitu: juu unaandika ILIPOISHIA, unarudia mistari mitatu, halafu SASA ENDELEA, na chini ITAENDELEA. Kilichobadilika ni kwamba zamani mtunzi alikuwa na wiki nzima, na barua ya msomaji ilichukua siku kufika. Leo unaweka sehemu saa mbili usiku, saa mbili na dakika tano unatukanwa.

Malipo ni rahisi kueleza. Sehemu kumi au kumi na tano za mwanzo ni bure, watu wakishakolea unatangaza kwamba zinazobaki ni buku au buku mbili kwa M-Pesa, anayelipa anaingizwa kwenye kundi. Hakuna mchapishaji wala kamati. Mwalimu mkuu wangu aliingia na suti yake, akalala alipolala, hakuna aliyenung'unika. Sehemu ya kwanza niliweka aya yangu kama ilivyo, na wa kwanza kucheka alikuwa dada mmoja aliyeandika, "Nimemjua huyo kijumbe, anaishi nyuma ya kwetu." Nilijiona nimefika.

Sehemu ya nne niliandika jinsi Mwanahamisi anavyohesabu noti, zipi zinanuka samaki na zipi zinanuka mafuta ya taa, na kwa harufu anajua ya nani ni ipi. Hadi leo naamini ni ukurasa bora niliowahi kuuandika. Majibu yalikuwa haya: "Leo umetupiga." "Mbona fupi?" "Noti tunazo kwetu mtunzi, mechi lini?"

Mechi waliyoitaka haikuwa ya mpira.

Nikawapa. Sehemu ya sita ikawa chombezo mtupu, watu wakaongezeka kundini. Sehemu ya tisa kulikuwa na bastola, na mpaka leo sikumbuki ilitokea wapi. Sehemu ya kumi na nne Mwanahamisi ana pacha wake aliyepotea Mombasa. Sikilizeni aya yangu ilivyokuwa ilipofika huko:

"SASA ENDELEA... Mlango ulisukumwa kwa nguvu! Mwanahamisi hakuamini macho yake! Ungo ulimponyoka mkononi! Mtu aliyesimama mbele yake alikuwa ni... ITAENDELEA."

Mchele umemwagika, lakini umemwagika kwa sababu nilihitaji sauti ya kitu kuanguka.

Hakuna aliyenilazimisha, ndiyo hoja yangu. Kwenye simu unaachiwa useme lolote, ila huachiwi unyamaze. Ukitaka sehemu moja ambayo hakuna kinachotokea ila mwanamke anafikiri, huna pa kuiweka, maana chini yake kuna watu mia mbili wanaosubiri na wengine wamelipa. Kuna na la pili, baya zaidi kwa fundi: huwezi kurudi nyuma. Sehemu ya pili ukiitoa imetoka. Ukigundua kwenye sehemu ya ishirini kwamba mama yake Mwanahamisi alipaswa kuwa hai, na wewe ulimzika sehemu ya tatu, inabidi umfufue kwa uongo au uandike ukiwa umefungwa miguu. Na wasomaji wanakumbuka. Nilimuua Mama Sikudhani kwa ajali ya bodaboda, wakagoma kulipa mpaka akarudi. Alirudi, akiwa amelazwa tu Muhimbili.

Sheria pia ipo, msidanganyike na wepesi wa simu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inataja ponografia kama kosa, na mwandishi wa chombezo anatembea pembezoni mwa shimo hilo kila usiku. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilipotoka, mwenye blogu alitakiwa kulipa shilingi laki moja ya maombi na milioni moja ya leseni. Zimefanyiwa mabadiliko tangu hapo, kwa hiyo ukitaka kufungua blogu ya hadithi soma zilizopo sasa, usitegemee maneno ya kijiweni.

Na wezi. Miezi mitatu baada ya kumaliza niliikuta hadithi yangu kwenye kundi jingine, jina langu limefutwa, Mwanahamisi anaitwa Angel, Tandale imekuwa Mikocheni. Aliyeiba alikuwa mvivu: penye sehemu ya kumi na moja alisahau kubadilisha, Angel akaitwa Mwanahamisi na mama yake mwenyewe. Ukiwa na hadithi unayoipenda kweli, isajili Cosota, wasimamizi wa hakimiliki Tanzania, kabla haijatoka chumbani.

Kiswahili cha kuvalia sherehe

Tuzo zina sifa moja tamu. Jaji hana penseli. Hawezi kukuambia mwalimu mkuu awe mfanyabiashara. Anaupenda mswada au anauacha. Kwenye karatasi, huo ndio uhuru mkubwa kuliko wote.

Na historia inatoa ushahidi. Mwaka 1957 na 1958 East African Literature Bureau iliendesha shindano la kuandika hadithi za Kiswahili. Aliyeshinda ni Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, na mswada wake ukatoka 1960 kwa jina la Mzimu wa Watu wa Kale. Ndimo alimoingilia Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko, na riwaya ya upelelezi ya Kiswahili ikapata baba. Sidhani kama mchapishaji yeyote wa wakati ule angemtuma mtu aandike kitu cha namna hiyo. Kilipita kwa sababu shindano liliacha mlango wazi wakaona nani ataingia.

Siku hizi kuna tuzo mbili ambazo mwandishi wa riwaya anapaswa kuzijua. Ya kwanza ilianzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, baadaye ikaitwa Tuzo ya Safal-Cornell. Ilianza na jumla ya dola 15,000 za kugawana washindi, na inapokea miswada ambayo haijachapishwa. Ya pili ni Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa mara ya kwanza tarehe 13 Aprili 2023, siku aliyozaliwa Mwalimu, mshindi wa kwanza akichukua milioni 10. Hii ya pili inaratibiwa na TET. Yaani ni taasisi ile ile inayohusika na vitabu vya shule. Mimi nadhani mwandishi mwenye busara ataona darasa limekaa nyuma ya jukwaa, na ataandika akilijua.

Sasa kinyongo changu. Jaji hana penseli, lakini wewe unaye kichwani usiku kucha, na jaji wa kichwani ni mkali kuliko wa kweli. Nilipoandika mswada wangu wa tuzo sikuwaza wanawake wa Tandale hata mara moja. Niliwaza maprofesa watatu waliokaa meza moja. Ukurasa wa kwanza una neno "machweo" mara tatu. Mhusika wangu, kondakta wa daladala, anasema "aidha" na "ilhali" akidai nauli. Nilitafuta kwenye kamusi maneno ambayo mama yangu hajawahi kuyatamka na nikayapanga kama vyombo vya kabatini vinavyongoja wageni. Hayo yote hakuna aliyeyataka. Hakuna sharti lolote la tuzo lililosema hivyo. Nilijivisha mwenyewe.

Nilipousoma tena baada ya kushindwa, sikuona kosa la majaji.

Kwa hiyo ukienda kwenye tuzo, nenda na mswada ulioandikwa kabla ya kusikia tangazo. Tarehe ya mwisho itakusaidia kumaliza, masharti ya kurasa yatakusaidia kukata, na basi. Ukishindwa huambiwi kwa nini, na hilo nalo ni la kuhesabu: shule walau walinirudishia penseli.

Mfuko wako na mama zako wadogo

Hili nitalisema kwa kifupi maana wengi wanalijua. Kuchapa mwenyewe si jambo geni kwetu. Ben Mtobwa, mwandishi wa riwaya za yule mpelelezi Joram Kiango, alikuwa na kampuni yake ya Heko, na vitabu vyake vilisomwa mpaka majalada yanaisha. Leo unapata ISBN kutoka Bodi ya Huduma za Maktaba, unatafuta mtu wa kupanga kurasa, mtu wa jalada, mashine ya kuchapa, na unabeba maboksi yako nyumbani. Mimi nilichapa nakala 300. Aya yangu imo kama nilivyoiandika siku ya kwanza: mwalimu mkuu, mchele, kulala. Mwisho hakuna funzo. Mwanahamisi anaanzisha mchezo mwingine Manzese.

Lakini hakukuwa na mtu wa kuniambia kwamba kurasa arobaini za utoto wake zinachosha. Nilizipenda, pesa ilikuwa yangu, zikaingia. Ukurasa wa 87 Mama Sikudhani anaitwa Mama Sijali, na niliusoma ukurasa huo zaidi ya mara sita bila kuona. Ukichagua njia hii, toa pesa ya mhariri kabla ya pesa ya jalada. Tafuta mtu asiye rafiki yako.

Kuna kamati moja sikuitarajia. Kitabu cha mfukoni kwako kinauzwa kwanza kwa ndugu. Wiki ya pili simu ikaita, mama mdogo wa Tanga.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba mwanangu. Nimekisoma."

"Ahsante sana."

Akanyamaza kidogo. "Huyu mwalimu mkuu. Ni marehemu mjomba wako?"

"Hapana, mama mdogo. Nimemtunga tu."

"Mmh. Mbona ana baiskeli ya kijani?"

Wallahi nilikuwa nimesahau ile baiskeli. Nilikuwa na miaka saba nilipoiona mara ya mwisho, imeegemezwa ukutani kwa mtu ambaye hatukupaswa kuuliza ni nani. Tangu siku hiyo, kila nikimpa mhusika kitu cha kushika, namsikia mama mdogo anapumua kwenye simu. Hakuna bodi ya serikali iliyowahi kunifanyia hivyo.

Zikiwekwa mizani moja

Ukiniletea hadithi yako na kuniuliza uipeleke wapi, kwanza nitatafuta ilipo roho yake.

Kama roho iko kwenye mwili, mapenzi na fedheha zake, shule iache. Utaishia na "aliyemrubuni". Simu itakukaribisha lakini itataka mwili tu, kila usiku, mpaka uuchukie. Ya namna hiyo mimi naipeleka mfukoni, au kwenye tuzo isiyo na darasa nyuma yake.

Kama roho ni siasa, fikiria vazi kabla ya mlango. Hadithi ya nchi angani inapita karibu kote. Hadithi ya kiongozi anayetambulika kwa jina, cheo na shati haina mlango salama, na simu ndiyo mbaya zaidi kwa sababu inasambaa kabla hujabadilisha mawazo. Mshairi Abdilatif Abdalla alifungwa Kenya kuanzia 1969 hadi 1972 kwa kijikaratasi cha siasa kilichouliza nchi inakwenda wapi, waziwazi. Mashairi aliyoyatunga humo gerezani yakatoka 1973 kama Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata yakapewa tuzo yenye jina la Jomo Kenyatta, rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. Lugha ya kishairi ilipokelewa ukumbini na nchi ile ile iliyokitia kijikaratasi kufuli. Sisemi ni haki. Nasema ndivyo ilivyokuwa, na mtunzi achague akijua.

Kama roho ni lugha yenyewe, inategemea ni lugha ipi. Kimjini cha Dar, Sheng, au Kipemba cha bibi yako kinapumua vizuri kwenye simu, kwa sababu msomaji anaongea hivyo hivyo. Shule inataka sanifu, na maneno ya mtaani itayawekea alama za nukuu kama vile yameingia bila viatu. Lakini kama unapenda sentensi ndefu yenye kona, shule ndiyo rafiki yako, na simu itakuua.

Mwenye hadithi ambayo uzito wake uko kwenye mwisho asiitoe kwa vipande kabla hajaumaliza mwisho huo. Andika yote, funga, halafu ndiyo uanze kuikata sehemu. Ningefanya hivyo, ile bastola isingepata pa kuingilia. Pacha wa Mombasa pia.

Na kuna suala la mpangilio ambalo watu hulikosea. Tuzo na wachapishaji wengi wanauliza kama kazi imeshatoka mahali. Soma masharti yao kabla hujaweka hata sehemu ya kwanza kwenye kundi. Kwa hadithi moja mimi sasa naanza na tuzo, kisha mchapishaji, kisha mfuko. Simu naiandikia hadithi nyingine kabisa, iliyotungwa kwa ajili yake tangu mwanzo, yenye mlango wa kusukumwa kila sehemu. Naifurahia, na inanilipia umeme. Mwanahamisi hagusi huko tena.

Nakala zake zimebaki 41, zipo kwenye boksi chini ya kitanda. Ukurasa wa 87 nausahihisha kwa kalamu, kitabu kimoja kimoja, kabla sijamkabidhi mnunuzi.